Sikiliza Moduli ya GPS Kabla ya Kuilaumu

Moduli ya GPS huanza kuzungumza muda mfupi tu baada ya kupata umeme. Haingoji setilaiti, wala haingoji uitoe nje. Hata ukiiwasha chini ya zege la ghorofa tatu, kila sekunde itatuma mistari kadhaa ya maandishi kwenye waya wake, ila mahali pa namba patakuwa patupu. Msomaji anayeanza kazi hii leo, naomba ushike jambo hilo kabla ya jingine lolote, maana karibu kila anayekwama hukwama kwa kuchanganya matatizo mawili yasiyohusiana. La kwanza ni la waya: je, bodi inasikia kile moduli inachosema? La pili ni la anga: je, antena inaziona setilaiti? Ukiyatenganisha hayo mawili, kazi iliyobaki ni ya mchana mmoja. Ukiyachanganya, utabadilisha waya wakati tatizo ni paa, au utazunguka uwanjani na kompyuta mkononi wakati tatizo ni pini iliyochomekwa siko.

Nitatumia vifaa ambavyo wanafunzi na mafundi wengi wa kwetu huanza navyo: bodi ya Arduino Uno na moduli ya NEO-6M. Kitovu cha moduli hiyo kilibuniwa na u-blox, kampuni ya Uswisi, na kibodi chake, yaani bodi ndogo inayokibeba, mara nyingi ya rangi ya buluu, hupatikana katika maduka ya elektroniki ya Kariakoo na ya Luthuli Avenue, Nairobi. Si kipya. Kuna vizazi vya baadaye vinavyosikia pia Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China, wakati NEO-6M inafanya kazi na GPS ya Marekani. Lakini kwa kujifunza ni kifaa kizuri, na utakachokijua hapa kitafanya kazi kwenye moduli karibu zote utakazokutana nazo baadaye.

Kabla hujatoa pesa, jiulize kama simu haitoshi. Ramani ya matatu za Nairobi iliyotolewa mwaka 2014 na mradi wa Digital Matatus ilitokana na data za GPS zilizokusanywa kwa simu na wanafunzi waliokuwa wakipanda magari hayo. Kama unachotaka ni kuchora njia mara moja, simu iliyo mfukoni ina kila kitu. Moduli na maikrokontrola vina maana pale ambapo kifaa kitakaa peke yake kwa wiki nyingi, mahali ambapo huwezi kuacha simu: ndani ya boti ya uvuvi, chini ya kiti cha bodaboda, kwenye kola ya ng'ombe, au kwenye kituo cha hali ya hewa kinachohitaji saa sahihi.

Sasa waya. Moduli ina pini nne: VCC ya umeme, GND, TX ya kutuma na RX ya kupokea. VCC iende kwenye volti 5 za Uno, kwani kibodi hiki kina kirekebishi chake cha volti, ingawa chipu yenyewe hutumia kati ya volti 2.7 na 3.6. GND iende GND. Halafu TX ya moduli iende kwenye pini ambayo bodi itaitumia kusikiliza. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu huunganisha TX na TX. Anayetuma lazima aelekezwe kwa anayepokea.

Waya wa nne, ule unaotoka bodi kwenda RX ya moduli, nakushauri usiuunganishe kabisa mwanzoni. Moduli haihitaji amri yoyote ili ifanye kazi. Waya tatu zinatosha kusoma kila kitu, na kwa kuuacha huo wa nne unaepuka hatari ya kweli: pini za Uno hutoa volti 5, na RX ya moduli imeundwa kwa volti 3.3. Siku utakapotaka kuipelekea amri, kwa mfano kuiambia ipime mara tano kwa sekunde badala ya mara moja, weka rezista mbili za kugawa volti, kilo-omu 1 kutoka pini ya Uno na kilo-omu 2 kwenda GND, na uchukue ishara katikati yake. Utapata volti 3.3 na ushee. Ndiyo, kuna watu wanaounganisha moja kwa moja na moduli zao bado zinaishi. Usiwaige, hasa kama moduli si ya kwako.

Jambo jingine la Uno: ina mlango mmoja tu wa mawasiliano wa maunzi, pini 0 na 1, na mlango huo huo ndio unaotumika kuzungumza na kompyuta kwa USB. Ukiiweka GPS hapo, kupakia programu kutagoma. Kwa hiyo tunatumia maktaba ya SoftwareSerial, inayoigeuza pini ya kawaida kuwa sikio. Programu ya kwanza kabisa isiwe na hesabu yoyote. Ifanye kazi moja, kuchukua kila herufi inayotoka kwenye moduli na kuipitisha kwenye kompyuta kama ilivyo:

#include <SoftwareSerial.h>
SoftwareSerial gps(4, 3);

void setup() {
  Serial.begin(115200);
  gps.begin(9600);
}

void loop() {
  if (gps.available()) Serial.write(gps.read());
}

Namba 4 ndiyo pini ya kusikiliza. Hapo ndipo TX ya moduli inapokaa. Kasi ya 9600 ni ile ambayo NEO-6M hutoka nayo kiwandani. Upande wa kompyuta nimeweka 115200 makusudi, ili bodi imalize haraka kupeleka kile ilichopokea na irudi kusikiliza. Fungua dirisha la Serial Monitor, lipange kwenye 115200, kisha tazama.

Utaona mojawapo ya mambo matatu. La kwanza ni kimya kabisa. Hilo ni tatizo la waya au umeme, si la anga, hata kama uko katikati ya shamba lenye jua kali. Angalia kama umechanganya TX na RX, kama GND zimeungana, kama pini za moduli zimelehemiwa kweli au zimechomekwa tu kwenye matundu. Moduli nyingi huuzwa na pini zake pembeni, na kuziegemeza bila risasi hakupitishi umeme wa kuaminika. Jambo la pili ni takataka: herufi za ajabu, alama za kuuliza, visanduku. Hapo waya uko sawa lakini kasi hazilingani. NEO-M9N, kwa mfano, hutoka na 38400, na moduli iliyotumiwa na mtu kabla yako huenda ilibadilishwa kasi. Jaribu kasi nyingine moja moja, ukijua kwamba SoftwareSerial ya Uno haiaminiki kwenye 115200.

La tatu ni mistari inayoanza na alama ya dola. Ukiiona hiyo, tulia. Kazi ya waya imekwisha, na usiguse tena waya wowote. Ndani ya nyumba, mmojawapo utasomeka hivi:

$GPRMC,,V,,,,,,,,,,N*53

Huo ni mstari mzima na sahihi. Herufi V inasema data haifai kutumiwa bado, na mikato mingi iliyofuatana ni nafasi zinazongoja namba. Moduli inakwambia kwa uaminifu kwamba haijui ilipo.

Mfumo huu wa sentensi unaitwa NMEA 0183, na ulitungwa miaka ya 1980 na chama cha elektroniki za baharini cha Marekani ili vyombo vya melini viweze kusomana. Ubaharia huo utauona mpaka leo kwenye kasi, ambayo hutolewa kwa noti. Sentensi moja haizidi herufi 82, huanza na dola, na huishia na nyota ikifuatwa na alama mbili za uhakiki. Alama hizo hupatikana kwa kuzipitisha herufi zote zilizo kati ya dola na nyota kwenye hesabu ya XOR, na jibu huandikwa kwa heksadesimali. Herufi moja ikipotea njiani, jibu halitalingana, na programu yako itajua kwamba mstari huo ni wa kutupa. Usiwahi kuiruka hatua hiyo ya uhakiki. Namba ya mahali iliyokosewa tarakimu moja huonekana ya kawaida kabisa, na ndiyo hatari yake.

Toka nje sasa. Nasema nje, si barazani. Mawimbi ya GPS husafiri kilomita 20,200 na ushee kutoka kwenye setilaiti na hufika ardhini yakiwa dhaifu mno, kwenye masafa ya megahezi 1575.42, na bati huyazuia. Nyumba nyingi za kwetu zimeezekwa kwa bati, kwa hiyo kukaribia dirishani kutakupa setilaiti mbili tatu za upande mmoja na matumaini ya uongo. Zege nalo halifai. Makuti makavu yana nafuu, yakilowa mvua nafuu hiyo hupungua. Iweke moduli mahali ambapo ukisimama unaona anga pande zote, na kile kipande cha kauri cha mraba kitazame juu. Hicho ndicho antena. Watu huilaza kifudifudi kwa sababu maandishi ya kibodi yako upande wa pili. Kiunganishi chake kidogo cha duara nacho kichomeke mara moja na ukiache, hakikutengenezwa kwa kuchomolewa kila siku.

Halafu ngoja, na usiisogeze. Karatasi ya vipimo ya u-blox inasema kuanza baridi kwa NEO-6M, yaani bila kumbukumbu yoyote ya setilaiti, huchukua sekunde 27 anga likiwa wazi na ishara zikiwa na nguvu. Wewe jiandae kwa dakika kadhaa mara ya kwanza. Sababu yake inafaa kueleweka: kila setilaiti hutangaza taarifa za njia yake kwa mwendo wa biti 50 kwa sekunde, na tangazo hilo hurudiwa kila baada ya sekunde 30. Ukipita mbele ya antena na kuikatiza ishara katikati ya tangazo, moduli hungoja duru nyingine kwa setilaiti hiyo. Inahitaji setilaiti nne ili ipate latitudo, longitudo, kimo na saa kwa pamoja. Data hizo za njia hupakiwa kwenye setilaiti kutoka ardhini, na kimojawapo cha vituo vyenye antena za kazi hiyo kiko Diego Garcia, katika Bahari ya Hindi hii hii ya kwetu. Kibetri kidogo kilichoko kwenye moduli hutunza kumbukumbu ili safari ijayo ianze haraka, lakini kikikaa dukani miezi mingi huwa kimeisha, ndiyo maana siku ya kwanza ni ya subira.

Kwenye vibodi vingi vya NEO-6M taa ndogo huanza kuwaka na kuzima kila sekunde moduli inaposhika, yaani inapopata mahali ilipo. Mstari nao hubadilika. Mfano wa moduli iliyosimama katikati ya Dar es Salaam:

$GPRMC,091520.00,A,0648.98000,S,03916.80000,E,0.214,,140624,,,A*6E

V imekuwa A. Saa ni 09:15:20. Tarehe ni 14 Juni 2024. Kasi ni noti 0.214. Lakini zitazame vizuri namba za mahali, kwa sababu hapa ndipo miradi mingi mizuri huharibika.

0648.98000 si digrii 6.48. Tarakimu mbili za kwanza ni digrii, na zote zinazofuata ni dakika: digrii 6 na dakika 48.98. Kwenye longitudo tarakimu tatu za kwanza ndizo digrii: 39, kisha dakika 16.8. Ili upate desimali ambazo ramani za mtandaoni huzitaka, gawanya dakika kwa 60 na ujumlishe kwenye digrii. 48.98 kwa 60 ni 0.81633, kwa hiyo latitudo ni 6.81633. 16.8 kwa 60 ni 0.28, kwa hiyo longitudo ni 39.28. Anayesogeza nukta tu na kuandika 6.4898 na 39.168 atajikuta baharini kati ya Bagamoyo na Unguja, kilomita kama 36 kaskazini ya alipo na zaidi ya kilomita kumi magharibi. Kosa hili halijitangazi. Ukilifanya kijijini kusiko na bahari, doa litaangukia pori jirani na utadhani GPS ni ya bei rahisi tu.

Kisha herufi S. Kusini mwa ikweta latitudo ni hasi, na programu nyingi za mfano zilizoandikwa Ulaya au Marekani hazikuwahi kulazimika kulifikiria hilo. Ukiisahau alama hiyo ya kutoa, Dar es Salaam itahamia nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia. Kwa ndugu zetu wa Uganda na wa Kenya wanaoishi karibu na ikweta, kosa hili ni gumu zaidi kulikamata, maana umbali ni mdogo: Kampala iko digrii 0.3 kaskazini, na ukigeuza alama unatua ndani ya Ziwa Viktoria, bado kwenye ukurasa ule ule wa ramani. Na gari linalotoka Nakuru kwenda Eldoret huivuka ikweta njiani, kwa hiyo programu yake lazima isome herufi hiyo kila mara. Usiandike alama ya kutoa kwa mkono ndani ya programu eti kwa kuwa mradi ni wa Tanzania.

Kuna mtego mmoja mdogo wa kuchapisha. Ukiandika Serial.print(lat) bila kitu kingine, Arduino huonyesha tarakimu mbili tu baada ya nukta. Sehemu moja ya mia ya digrii ni zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo utaona namba ile ile ukiwa mwanzo wa mtaa na ukiwa mwisho wake, na utadhani moduli imeganda. Andika Serial.print(lat, 6).

Saa inayotolewa ni UTC. Afrika Mashariki ongeza tatu. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ongeza mbili. Kuongeza saa peke yake hakutoshi, kwa kuwa UTC ikiwa 22:00 huku kwetu ni kesho yake, na tarehe lazima isogee pamoja na saa, mwezi na hata mwaka vikibidi. Wanaotunza kumbukumbu nawashauri wahifadhi UTC kama ilivyo na wabadilishe wakati wa kuonyesha tu. Kama kioo chako kitaonyesha saa kwa hesabu ya Kiswahili, hesabu ni nyepesi: ondoa tatu kwenye UTC, ukizunguka kwenye kumi na mbili. 09:15 ya mfano wetu ni saa sita na robo mchana. Kwa kifaa kitakachosomwa na wavuvi au madereva, ningekionyesha hivyo bila kusita.

Ukishaielewa mistari kwa macho yako, ndipo uchukue maktaba. TinyGPS++ ya Mikal Hart ndiyo inayotumiwa zaidi, na ni nzuri: unailisha herufi moja moja, nayo inahakiki, inagawa dakika kwa 60, inaweka alama ya kusini, inabadilisha noti kuwa kilomita kwa saa kwa kuzidisha 1.852. Kwa nini basi nimekupitisha kwenye mistari ghafi kwanza? Kwa sababu maktaba ikikurudishia sifuri haitakwambia peke yake ni waya au ni anga, na wewe sasa unajua pa kuangalia. Ina pia vihesabio ambavyo wengi hawavigusi. charsProcessed() ikibaki sifuri baada ya sekunde tano, rudi kwenye waya. failedChecksum() ikipanda haraka, herufi zinapotea njiani.

Na herufi zinapotea kwa sababu moja kuliko zote: delay(). Kwa kasi ya 9600 zinaingia herufi kama 960 kwa sekunde, na kihifadhi cha SoftwareSerial kina nafasi ya baiti 64. Hujaa kwa takriban sehemu ya kumi na tano ya sekunde. Programu inayosoma GPS, ikachapisha kwenye kioo, kisha ikasema delay(1000), inakuwa kiziwi karibu sekunde nzima, na kinachobaki ni vipande vya sentensi visivyopita uhakiki. Dalili yake inachanganya, kwani taa ya moduli inawaka vizuri, programu ya kwanza ilionyesha mistari safi, na ile ya pili haioni kitu. Ondoa delay zote. Tumia millis() kujua kama sekunde imepita, na katikati ya kila kazi rudi kuilisha maktaba herufi zilizofika. Kama kuna sheria moja ya programu ya GPS ambayo ningeibandika ukutani kwenye karakana, ni hiyo.

Uno ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu. GPS peke yake inaitosha. Ukiongeza kadi ya SD, ambayo maktaba yake hutaka baiti 512 kwa kihifadhi tu, na kioo, utaanza kuona bodi ikijiwasha upya bila sababu. Hapo hamia ESP32. Ina milango mitatu ya mawasiliano ya maunzi, kwa hiyo SoftwareSerial haihitajiki, na pini zake ni za volti 3.3, kwa hiyo hata rezista za kugawa volti hazihitajiki. Serial2.begin(9600, SERIAL_8N1, 16, 17) inatosha, isipokuwa kwenye aina za WROVER ambazo zimeshazitumia pini 16 na 17 kwa kumbukumbu ya ndani. Huko chagua pini nyingine.

Sasa tuseme data zinaingia. Ziaminiwe kiasi gani? Desimali tano za dakika humaanisha hatua ya sentimita mbili hivi kwenye karatasi, lakini u-blox wenyewe wanaahidi mita 2.5 kwa nusu ya vipimo, anga likiwa zuri. Kifaa kilicholala mezani kitatangatanga. Mfano wetu wa Dar ulionyesha noti 0.214, karibu kilomita 0.4 kwa saa, na kifaa hakikuwa kinakwenda popote. Ukijumlisha umbali kati ya nukta na nukta usiku kucha, bodaboda iliyoegeshwa itaonekana imetembea kilomita kadhaa, na mwenye chombo atamtuhumu dereva kwa safari ambayo haikuwapo. Puuza mwendo wa chini ya kilomita mbili au tatu kwa saa. Soma pia sentensi ya GGA, yenye idadi ya setilaiti na namba iitwayo HDOP, inayopima jinsi setilaiti zilivyotawanyika angani. Chini ya 2 ni vizuri. Ikipanda juu ya 5, hifadhi data kama unataka, lakini usifanye nayo uamuzi.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna la ziada. Baada ya jua kutua, hasa miezi ya kuzunguka Machi na Septemba, tabaka la juu la anga liitwalo ayonosfia huchafuka kwenye ukanda wetu na kuzitikisa ishara za setilaiti. Moduli ya masafa mamoja haina njia ya kuupima mvurugo huo moja kwa moja. Kama kipimo chako cha saa mbili usiku kinacheza kuliko cha saa nne asubuhi, usikimbilie kubadilisha antena. Pima nyakati zote mbili kabla ya kuamua.

Kwa wanaotaka kutuma mahali kwa ujumbe wa simu, tahadhari kuhusu umeme. GPS hii hula miliampea 40 hadi 50, kidogo tu. Moduli ya SIM800L inapotuma huvuta kwa kushtukiza hadi ampea 2, na inataka volti kati ya 3.4 na 4.4. Ukiilisha kutoka kwenye pini ya Uno, volti huanguka, kila kitu hujiwasha upya, na GPS inaanza kutafuta setilaiti tena. Ipe chanzo chake, weka kapasita kubwa karibu nayo, unganisha GND zote, na itenge antena yake na ile ya kauri.

Kuna pia suala la haki. Kifaa kinachojua gari lilipo kinajua alipo mtu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, dereva aelezwe kwamba kifaa kimewekwa na kinarekodi nini.

Nimeliacha mwisho lile ninaloliona zito kuliko yote. Katika TinyGPS++, location.isValid() ikishakuwa kweli mara moja, hubaki kweli hata moduli ikipoteza setilaiti. Lat na lng zitaendelea kukupa mahali pa mwisho, safi, zenye desimali sita, bila dalili yoyote kwamba ni za jana. Boti ikizima umeme wa moduli, au antena ikifunikwa na turubai, kifaa chako kitaendelea kutuma mahali pale pale kila dakika, na walio pwani watatafuta pale. Kuna location.age(), inayosema ni milisekunde ngapi zimepita tangu mahali paliposomwa mara ya mwisho. Itumie kila unapotuma. Ikizidi milisekunde 5000, usiandike mahali peke yake. Andika mahali pamoja na saa paliposomwa, na neno la wazi kwamba ishara imepotea. Kwenye kadi ya SD kila mstari uwe na UTC, latitudo, longitudo, idadi ya setilaiti, HDOP na umri huo wa data. Ijaribu kabla ya kuikabidhi kwa mtu: iache ishike nje, ifunike kwa sufuria, na utazame kioo kitasema nini.